Ramani, Uzi na Mita ya Gari: Kujua Mahali Katika Safari Ndefu

Mwezi Machi 2011 mume na mke kutoka jimbo la British Columbia, nchini Kanada, walikuwa safarini kwa gari kwenda Las Vegas, Marekani. Kaskazini mwa jimbo la Nevada waliiacha barabara kuu, wakashika njia ya mkato ambayo chombo chao cha GPS kiliihesabu kuwa fupi zaidi. Ilikuwa njia ya milimani isiyo na lami, na gari likakwama katika matope. Siku chache baadaye mume alitoka kwa miguu kwenda kutafuta msaada. Mke alipatikana akiwa hai ndani ya gari baada ya wiki saba. Mwili wa mumewe ulipatikana mwaka 2012.

Mkasa huo husimuliwa kama habari ya chombo kilichopotosha watu. Maelezo hayo hayatoshi. Hakuna haja ya kudhani kwamba setilaiti zilikosea hata mita kumi. Chombo cha namna ile hujua mahali kilipo, na hujua kwamba mstari fulani katika kumbukumbu zake umeandikwa kuwa ni njia. Hakijui matope, wala ukali wa mlima, wala majira ya mwaka, wala hakijui ni kilomita ngapi zimebaki hadi kwa mtu wa kwanza anayeweza kusaidia. Mambo hayo hayamo katika nukta inayowaka kwenye kioo. Sehemu kubwa ya hayo imo katika ramani, kwa yule aliyeisoma kabla ya kuwasha gari.

Makala haya yanaeleza namna safari ndefu ya barabarani inavyoweza kuongozwa kwa ramani ya karatasi. Mfano utakaofuatwa ni barabara ya kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro na Iringa hadi Mbeya. Yamkini msomaji atauliza ni nani atakayepotea katika barabara inayopitiwa na mabasi mchana kutwa. Ni kweli kwamba si wengi. Lakini ufundi huu ni bora ujifunzwe mahali ambapo kosa hugharimu nusu saa tu, ndipo utumike mahali ambapo kosa hugharimu zaidi.

Kujua mahali na kujua njia

Mfumo wa GPS, ambao setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978 na ambao ulitangazwa kuwa umekamilika mwaka 1995, hufanya kazi kwa kupima wakati. Kila setilaiti, ikiwa katika kimo cha yapata kilomita 20,200, hutangaza bila kukoma saa yake na mahali ilipo. Chombo cha kupokelea hupima mawimbi yamechelewa kiasi gani njiani, na kwa kuwa mawimbi ya redio husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, kuchelewa huko hugeuzwa kuwa umbali. Vipimo vitatu vya umbali vingetosha kama saa ya chombo ingekuwa kamilifu. Kwa kuwa si kamilifu, setilaiti ya nne huhitajika ili kuisahihisha. Kosa la sehemu moja ya bilioni ya sekunde huleta kosa la sentimita 30 hivi.

Baada ya kazi hiyo yote ya ajabu, chombo kinachopata ni tarakimu tu: latitudo, longitudo na kimo. Ili tarakimu hizo ziwe mahali penye jina ni lazima ziwekwe juu ya ramani. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukanganyikiwa. Hudhani kwamba simu ya mkononi inapokosa mtandao, setilaiti nazo zimepotea. Sivyo. Mawimbi ya setilaiti yanaendelea kupokelewa. Kinachokosekana ni ramani, ambayo aghalabu huletwa na mtandao kipande kwa kipande. Mwenye simu ambaye hakuihifadhi ramani mapema huona nukta yake juu ya kioo kitupu. Anajua mahali alipo kuliko baharia yeyote wa karne zilizopita, na hana la kufanya na ujuzi huo.

Kuna upungufu mwingine ambao hauponywi hata na mtandao mzuri. Kioo cha simu kina upana wa sentimita 7 hivi. Umbali wa moja kwa moja kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni yapata kilomita 680. Safari nzima ikibanwa katika upana huo, kila sentimita moja huwakilisha karibu kilomita 100, yaani skeli ya 1:10,000,000, na katika skeli hiyo hubaki majina machache na mstari mmoja. Msafiri akikuza picha apate kuona madaraja na vijiji, safari iliyobaki hutoka nje ya kioo. Hawezi kuona sehemu na jumla kwa mara moja. Ramani ya nchi ya skeli ya 1:2,000,000, iliyotandazwa juu ya meza, huionyesha safari hiyo hiyo kwa urefu wa sentimita 34, pamoja na mito, milima, reli na barabara zote zinazochipuka kulia na kushoto. Hizo za kulia na kushoto ndizo zenye kupoteza watu.

Kuchagua skeli

Ramani yenye mambo mengi zaidi si lazima iwe ndiyo bora kwa safari. Karatasi moja ya ramani za Tanzania za 1:50,000 hufunika eneo la dakika 15 za latitudo kwa dakika 15 za longitudo, yaani mraba wa karibu kilomita 28 kila upande. Ili kuifunika barabara ya Mbeya zitahitajika si chini ya karatasi 25, na dereva angebadilisha karatasi kila baada ya nusu saa. Karatasi za 1:250,000 hufunika digrii 1 kwa digrii 1 na nusu, na kwa safari hii hazizidi kumi. Kwa upande mwingine, ramani za Michelin za bara la Afrika, ambazo wasafiri wa masafa marefu wamezitegemea kwa miaka mingi, zimechorwa kwa 1:4,000,000. Hutosha kwa kupanga safari ya kutoka nchi hadi nchi, lakini hazitoshi kwa kutafuta njia panda.

Kwa kawaida ramani mbili zinatosha: moja ndogo ya jumla kwa safari nzima, na nyingine kubwa kwa sehemu zenye mashaka, kama vile milima, mahali pasipo na lami, au miji yenye njia panda nyingi.

Kupima kwa uzi

Umbali wa barabara hupimwa katika ramani kwa uzi mwembamba uliolowanishwa kidogo ili usiteleze. Uzi hulazwa juu ya barabara, ukifuata kila kona, kisha hunyooshwa juu ya rula. Barabara ya Dar es Salaam hadi Mbeya ina yapata kilomita 830, ilhali umbali wa moja kwa moja ni 680. Maana yake barabara imezidi kwa zaidi ya sehemu moja ya tano. Uwiano huo ni wa manufaa. Mahali ambapo hakuna uzi wala muda, msafiri aweza kupima kwa rula na kuongeza sehemu moja ya tano katika nchi ya kawaida, na kuongeza zaidi katika nchi ya milima.

Mwanafunzi atakayepima barabara ile ile katika ramani mbili za skeli tofauti ataona jambo la kushangaza kidogo: ramani ndogo hutoa umbali mfupi zaidi. Uzi haukukosea. Mchora ramani, akikosa nafasi, hunyoosha kona ndogo, na kila kona iliyonyooshwa ni mita zilizopotea. Lewis Fry Richardson wa Uingereza alilichunguza jambo hili katika mipaka ya nchi na pwani, na kazi yake, iliyochapishwa mwaka 1961, ilimpatia Benoit Mandelbrot msingi wa hoja yake mashuhuri ya mwaka 1967 kuhusu urefu wa pwani ya Uingereza. Msafiri hahitaji hisabati hiyo yote. Yamtosha kujua kwamba kipimo cha uzi ni kipimo cha chini, na kwamba mafuta ya gari yanunuliwe kwa kuzingatia hivyo.

Mita ya gari nayo ina makosa yake. Haipimi barabara, bali huhesabu mizunguko ya gurudumu. Gurudumu lenye nusu kipenyo cha milimita 350, mpira wake ukiliwa milimita 6 hadi kukaribia kuwa kipara, huwa limepungua kwa asilimia 1.7. Kila mzunguko hufunika ardhi kidogo kuliko mita inavyodhani. Katika safari ya kilomita 500, mita itazidisha kwa kilomita 8 na zaidi. Dawa ni rahisi: mita ilinganishwe na nguzo za kilomita zilizo kando ya barabara kwa mwendo wa kilomita 20 au 30 za mwanzo, na tofauti ikumbukwe.

Wakati nao hupimwa vibaya kwa sababu ya hesabu ya wastani. Gari likienda kilomita 100 kwa mwendo wa 80 kwa saa, kisha kilomita 100 kwa mwendo wa 40, wengi watasema wastani ni 60. Saa zilizotumika ni 1.25 na 2.5, jumla 3.75, wastani ni kilomita 53 tu kwa saa. Mwendo wa polepole hula muda mwingi, na kwa sababu hiyo huuvuta wastani chini kuliko inavyotarajiwa. Msafiri atakayeondoka Dar es Salaam saa 12 asubuhi akitumainia wastani wa 60 atafika Mbeya karibu na saa 2 usiku bila kusimama hata kula. Kwa wastani wa 53 ni saa 4 kasorobo usiku. Kwa vyovyote vile giza litamkuta njiani, ingawa jua huchwa Mbeya yapata dakika 23 baada ya kuchwa Dar es Salaam, kwa kuwa kila digrii ya longitudo ni dakika 4 na tofauti ni digrii 5 na dakika 50. Uamuzi wa kulala Iringa au Makambako ni bora ufanywe mezani, mbele ya ramani, kuliko kufanywa na macho yaliyochoka.

Ramani kama utabiri

Hadi hapa ramani imetumika kupima tu. Kazi yake iliyo kubwa zaidi ni kutabiri. Chombo cha GPS humwambia msafiri alipo sasa. Msomaji mzuri wa ramani hujua mapema atakachokiona baada ya kilomita 15, kitakuwa upande gani, na ni kitu gani asichopaswa kukiona kamwe. Likitokea hilo la mwisho, anajua amekosea hata kama hakuna kibao wala mtu wa kumwuliza.

Ufundi huu si mgeni katika nchi hizi. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji iliongozwa na kirangozi, ambaye hakuwa na karatasi. Alikuwa na orodha kichwani: kambi baada ya kambi, maji baada ya maji, kwa mpangilio na kwa siku za mwendo. Huko London, mwaka 1675, John Ogilby alichapisha kitabu kiitwacho Britannia, chenye kurasa 100 za barabara za Uingereza na Wales zilizochorwa kama tepe, inchi moja kwa maili moja, na kila utepe una alama ndogo ya dira kuonyesha kaskazini iko wapi. Kila utepe huonyesha madaraja, vilima, na njia panda pamoja na mahali zinapokwenda. Ni ile ile orodha ya kirangozi, ila imetiwa wino.

Msafiri wa leo aweza kujitengenezea utepe wake katika karatasi ya daftari. Mstari huchorwa kutoka chini kwenda juu, na kwa kila njia panda mambo matatu huandikwa: umbali kutoka njia panda iliyotangulia, kitu kinachotarajiwa kuonekana, na kitu cha kukatazia, yaani kile ambacho kikionekana njia imepotea.

Barabara ya Mbeya inafaa sana kwa zoezi hili. Baada ya kuvuka mto Ruvu, njia panda kubwa ya kwanza ni Chalinze, yapata kilomita 110 kutoka Dar es Salaam. Hapo barabara ya Tanga na Arusha huchipuka kulia. Utepe utaandika: kuelekea magharibi, milima ya Uluguru itajitokeza mbele, kisha kushoto, kitu cha kukatazia ni daraja la mto Wami. Anayefika Wami akidhani anakwenda Morogoro hana haja ya kubishana na mtu, ageuze gari. Morogoro barabara hugawanyika tena. Ya Dodoma hukata kaskazini-magharibi na kuiacha Uluguru nyuma, ilhali ya Iringa huelekea kusini-magharibi na milima ile hubaki upande wa kushoto kwa muda mrefu. Milima mikubwa kama hii ni alama bora kuliko kibao chochote, kwa sababu haiibiwi, haigongwi na lori, na huonekana kwa kilomita nyingi. Vituo vya mizani ya magari, kwa mfano, ni alama dhaifu. Vinaweza kuhamishwa, na ramani haitapata habari.

Kilomita 120 hivi kutoka Morogoro upo mji wa Mikumi, baada ya kuvuka hifadhi ya wanyama. Hapa njia moja huenda kulia Kilosa na nyingine kushoto Ifakara. Mbele yake barabara hushuka katika bonde la Ruaha Mkuu, penye joto, mibuyu na wauza vitunguu, mahali paitwapo Ruaha Mbuyuni. Hapo ramani ya kontua huanza kusema kwa sauti kubwa. Kutoka bondeni hadi nyanda za juu za Iringa barabara hupanda Kitonga, na kontua ambazo zilikuwa zimetawanyika husongamana ghafla kama nyuzi za kitambaa.

Maana ya msongamano huo inaweza kuhesabiwa. Katika ramani ya 1:50,000 yenye kontua kila mita 20, nafasi ya milimita 1 kati ya kontua mbili ni mita 50 za ardhi. Mteremko ni mita 20 kwa mita 50, yaani asilimia 40, ambao hakuna lori litakaloupanda. Ndiyo maana barabara haikati kontua kwa unyoofu. Hujipindapinda ubavuni mwa mlima hadi nafasi kati ya kontua, ikipimwa kando ya barabara yenyewe, ifike milimita 5 hivi, ambao ni mteremko wa asilimia 8. Dereva aliyeuona msongamano huo juzi mezani amekwisha kujua mambo kadhaa: kwamba malori yatakuwa yakitambaa, kwamba wastani wake wa mwendo utaanguka, kwamba injini itakunywa mafuta zaidi, na kwamba atakaporudi atahitaji gia ndogo na breki nzima. Hakuna nukta ya kioo iliyomweleza.

Iringa barabara kuu hupita chini, na mji umekaa juu ya kilima. Kitu cha kukatazia ni kujikuta katikati ya mji juu ya barabara ya Dodoma. Kisha huja Mafinga na misitu yake ya kupandwa. Makambako huleta alama nzuri kuliko zote za safari hii, nayo ni reli ya TAZARA. Ingawa reli hiyo nayo hutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, hupita mbali kusini kwa sehemu kubwa ya safari, na inakutana na barabara hapa. Msafiri anayeielewa ramani hashangai kuiona, angeshangaa kutoiona. Hapo barabara ya Njombe na Songea hukata kushoto. Ya Mbeya huendelea magharibi, safu ya milima ikiwa kushoto na nyanda tambarare za Usangu zikiwa kulia. Anayeona milima pande zote mbili na dira yake inaonyesha kusini yuko njiani kwenda Njombe.

Kipingamizi hutafutwa kwanza

Ingeonekana kwamba baada ya utepe kuandikwa hakuna atakayekosea. Kwa bahati mbaya akili ya binadamu ina tabia moja ambayo wapanda milima na wanajeshi huijua vema. Mtu akishaamini kwamba yuko mahali fulani, huanza kuilazimisha nchi ikubaliane na ramani. Huona kilima na kusema bila shaka ndicho hiki. Huona korongo kavu na kusema ndilo daraja lile, ila maji yamekauka. Reli haionekani, basi pengine imefichwa na miti. Kila alama peke yake ina udhuru wake, na kilomita 40 hupita katika nyudhuru.

Kinga yake ni kuweka kiasi cha kosa mapema. Ikiwa mita ya gari na uzi kwa pamoja vinaweza kukosea kwa asilimia 5, alama iliyotarajiwa baada ya kilomita 80 lazima ionekane kati ya 76 na 84. Ikifika 84 na haijaonekana, gari husimama. Msafiri haendi mbele kidogo ili kuhakikisha. Hurudi katika alama ya mwisho aliyokuwa na uhakika nayo na kuanza hesabu upya, kwa maana kila alama ya hakika hufuta makosa yote yaliyotangulia. Manahodha waliosafiri bila kuona nchi kavu walifanya hesabu ya mwendo kwa namna hii hii, kasi kwa muda kwa uelekeo, na walijua kwamba kosa hukua kila saa hadi kisiwa au taa ya pwani ilisahihishe.

Lililo gumu si hesabu, bali kukubali kurudi. Ndiyo maana kazi ya kusoma ramani isipewe dereva. Hufaa ifanywe na anayeketi kando yake, utingo au abiria, ambaye ana haki ya kusema simamisha na kusikilizwa. Na katika njia zisizo na lami zisizopitiwa na watu, kanuni ya mafuta na maji hufuata hapo hapo: gari haliendi mbele ya alama yoyote bila mafuta ya kulirudisha katika alama iliyotangulia, na maji ya kunywa ya siku ambazo gari halitatembea kabisa.

Jua na dira

Dira husomwa nje ya gari, hatua kumi au zaidi kutoka kwenye chuma chake, la sivyo sindano hufuata injini. Tofauti kati ya kaskazini ya sumaku na kaskazini ya kweli ni ya digrii chache tu hapa Afrika Mashariki, na kwa kuchagua kati ya barabara mbili haina uzito.

Jua linahitaji tahadhari zaidi, kwa sababu vitabu vingi vilivyoandikwa Ulaya husema kwamba saa 6 mchana jua liko kusini. Kwa Dar es Salaam, iliyo digrii 6 na dakika 48 kusini ya ikweta, hilo ni kweli kwa miezi michache tu. Jua hupita utosini mwanzoni mwa Machi, kisha tena kabla ya katikati ya Oktoba. Kati ya tarehe hizo, kupitia Juni, jua la mchana liko kaskazini na vivuli huanguka kusini. Kati ya Oktoba na Machi ni kinyume. Mwanafunzi aliyekariri kanuni ya Ulaya ataongoza gari kinyume kabisa kwa muda wa miezi saba ya mwaka. Njia salama ni ya kijiti: ncha ya kivuli huwekewa alama, na baada ya dakika 15 huwekewa alama ya pili. Mstari kutoka alama ya kwanza hadi ya pili huelekea mashariki takriban, katika majira yote.

Umri wa ramani

Kila ramani ina tarehe pembeni, na tarehe hiyo isomwe kabla ya jina. Kati ya Dar es Salaam na Morogoro ramani za zamani huonyesha reli moja, ile ya kati. Mwaka 2024 treni za abiria zilianza kutembea katika reli mpya ya umeme, na mwenye ramani ya zamani ataona nguzo na nyaya ambazo hazimo katika karatasi yake. Vivyo hivyo barabara ya Mbeya yenyewe: baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru wa walowezi Novemba 1965, malori yalipeleka mafuta Zambia kwa njia ya vumbi na matope, na lami ya moja kwa moja ilikamilika miaka ya 1970. Ramani ya kabla ya hapo si ya uongo. Milima, mito na kontua zake ni zile zile, na msafiri mwangalifu huitumia kwa hayo huku akishuku barabara zake. Na ikumbukwe kwamba ramani iliyo ndani ya simu nayo ina umri, ila haiuonyeshi.

Kwa shule ambayo haina gari, zoezi linaweza kufanywa ndani ya basi la kawaida. Karatasi moja ya 1:50,000 ya eneo la shule, uzi, rula na saa vinatosha. Siku moja kabla, kila kikundi cha wanafunzi watatu kichore utepe wa kilomita 20 za barabara: madaraja, makalvati makubwa, njia panda, mahali barabara inapokata kontua ya mita 100 nyingine, na angalau kitu kimoja cha kukatazia kwa kila njia panda. Ndani ya basi mmoja atazame saa, mmoja atazame nje, mmoja aandike. Mwalimu asiwasaidie. Kila alama iliyotabiriwa iandikwe dakika iliyoonekana, na zile zisizoonekana ziachwe wazi, zisijazwe baadaye kwa kukisia. Kesho yake, darasani, kazi ianzie kwenye nafasi hizo zilizo wazi.